Sataranji ya Ubaoni na ya Simuni: Kwa Nini Namba Zako Hazifanani

Ukikutana na mchezaji wa sataranji jijini Nairobi siku hizi, haipiti dakika kabla hajakuuliza kiwango chako, yaani namba inayopima uchezaji wako. Ukimjibu 1600, atakuuliza tena: 1600 ya wapi? Ya Lichess, ya Chess.com au ya FIDE? Mbili za kwanza ni tovuti za kuchezea mtandaoni, ya tatu ni shirikisho la dunia. Kijana wa Kayole aliyejifunza mchezo huu kwenye simu anaweza kuwa na namba nne tofauti, na zote zikawa za kweli. Kisha anaingia kwenye mashindano yake ya kwanza na kupigwa na mzee mwenye namba ndogo kuliko zake zote, au yeye ndiye anamlaza mtu ambaye kila mmoja ukumbini alimwogopa. Hapo mabishano huanza. Wengine watasema wa simuni si wachezaji, ni wabonyezaji tu. Wengine watajibu kwamba wa ubaoni wamepitwa na wakati.

Nimeyasikia mabishano haya mara nyingi, na naona pande zote mbili zinagombania jambo ambalo hazijalitenganisha vizuri. Farasi anaruka vilevile simuni na mezani, na mfalme anafungwa vilevile. Kinachobadilika ni kitu kinachopimwa. Kwa hiyo tuyachambue polepole, tukianza na namba, kwa sababu ndizo zinazowachanganya watu kuliko yote.

FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji lililoundwa jijini Paris mwaka 1924, linatumia mfumo wa Arpad Elo, profesa wa fizikia huko Marekani aliyezaliwa Hungaria. Lilianza kuutumia mwaka 1970. Wazo la Elo ni jepesi kuliko linavyodhaniwa: kiwango chako ni utabiri. Tofauti ya pointi kati yako na mpinzani wako inasema utavuna kiasi gani mkikutana mara nyingi. Ukimzidi kwa pointi 200, unatarajiwa kupata takriban asilimia 76 ya alama zote, ushindi ukihesabiwa 1 na sare nusu. Ukimshinda, umefanya kilichotarajiwa, kwa hiyo unaongezewa kidogo. Akikushinda, utabiri umekwenda kombo na unakatwa sana. Kwa kijana ambaye FIDE inamkokotoa kwa kigezo cha 40, yaani mchezo mmoja hauwezi kumsogeza zaidi ya pointi 40, ushindi huo unampa pointi 9.6, na kushindwa kunamwondolea 30.4.

Katika hesabu yote hiyo hakuna mahali panapouliza unajua nini. Inauliza tu ulicheza na nani na ikawaje. Maana yake ni kwamba namba inasema kitu ndani ya kundi la watu wanaochezana wao kwa wao, na nje ya kundi hilo haisemi chochote. Wachezaji wa Lichess ni kundi moja. Wa Chess.com ni kundi jingine. Wanaoshiriki mashindano ya FIDE ni kundi la tatu, dogo zaidi, lenye watu ambao wengi wao walishauchukulia mchezo huu kwa uzito kabla ya kulipa ada ya kujiandikisha.

Hata mahali pa kuanzia ni tofauti. Lichess, tovuti ya bure iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, humpa kila mgeni 1500 na kumwachia michezo imsogeze juu au chini. Inatumia Glicko-2, mfumo wa mtakwimu Mmarekani Mark Glickman, ambao pamoja na kiwango chako huweka namba nyingine inayoonyesha mfumo wenyewe una uhakika kiasi gani juu yako. Ukiwa mgeni, uhakika ni mdogo, na mchezo mmoja unaweza kukurusha kwa pointi nyingi. Ndiyo maana ya ile alama ya kuuliza kando ya namba ya mgeni: mfumo bado unabahatisha. Kwa kawaida mchezaji yuleyule, hasa anayeanza, huwa na namba ya juu zaidi Lichess kuliko Chess.com. Hajawa hodari zaidi kwa kufungua programu nyingine. Amebadilisha kundi tu.

FIDE nayo ililazimika kuzirekebisha namba zake. Mnamo Machi 2024 iliweka 1400 kuwa kiwango cha chini kabisa, na ikawaongezea pointi wote waliokuwa chini ya 2000, walio chini zaidi wakiongezewa zaidi. Sababu yake inatuhusu moja kwa moja. Mtoto anaweza kujifunza simuni kwa miezi mingi, akakua kwa kasi, kisha akaja ubaoni akiwa na namba ndogo au hana kabisa. Anawashinda watu wazima, nao wanashuka ingawa uwezo wao haujapungua hata chembe. Likirudiwa hilo kwa miaka, kundi zima linazama. Ndiyo sababu pia chipukizi walio chini ya miaka 18 hukokotolewa kwa kigezo cha 40 mpaka wafike 2300, ilhali mtu mzima aliyekwisha kucheza michezo 30 hutumia 20: mtoto apande upesi afike anapostahili, asikae chini akiwanyonya wengine. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi mwenye 1500 ya FIDE, anayekutana kila mara na vijana wa aina hii, usimpime kwa macho ya 1500 ya simuni.

Jambo la pili ni muda, na hapa hata majina yanapotosha. Simuni, mchezo wa dakika 10 kwa kila mtu huwekwa kwenye fungu la rapidi. Kwa FIDE, dakika 10 ni blitsi, yaani mchezo wa haraka kabisa. Rapidi inaanza juu ya hapo, na mchezo wa kawaida ndio ule mrefu. Mtu anayejiita hodari wa rapidi kwa sababu ya Chess.com huenda hajawahi kucheza mchezo ambao FIDE ingeuita hivyo.

Piga hesabu uone. Muda unaotumika sana kwenye mashindano ya kawaida ni dakika 90 kwa kila mchezaji, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Mchezo ukifika hatua 60, kila mmoja amepewa saa mbili. Jumla ni hadi saa nne kitini. Mchezo wa dakika 10 unakwisha ndani ya dakika 20, ndiyo maana unaweza kucheza miwili ndani ya matatu kati ya Githurai na Ngara siku ya msongamano. Aliyejijenga kwa michezo ya namna hiyo ana macho makali ya kuona mtego wa hatua mbili tatu, na anajua mifunguo mingi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, kwa kichwa. Asichokijua ni kukaa. Mpe dakika 90, utamwona saa yake bado ina dakika 80 wakati mwenzake amebaki na 35. Amecheza kila hatua kwa kasi ya simu, na muda alioutunza haumsaidii chochote, kwa sababu kosa limeshafanyika kwenye hatua ya 14, pale ambapo robo saa ya kufikiri ingemwokoa.

Mimi naliona hili kuwa pengo kubwa kuliko yote, na wanaofundisha watoto mtaani huligusa kidogo mno. Kufikiri kwa muda mrefu ni ufundi unaojitegemea. Ni kuchagua hatua tatu zinazowezekana, kuifuata kila moja hadi mwisho wake, kurudi, kulinganisha, kisha kujiuliza mpinzani anataka nini. Hakuna anayelipata kwa kucheza michezo mia ya dakika tatu.

Jambo la tatu ni mikono. Anayetoka simuni hushangaa kugundua kwamba ubao una sheria ambazo programu ilikuwa ikimfanyia kimyakimya. Ukigusa kete yako kwa makusudi, lazima uisogeze ikiwa kuna hatua halali. Ukigusa ya mpinzani, lazima uile ikiwezekana. Ukitaka tu kuiweka sawa katikati ya mraba wake, unasema kwanza kwamba unarekebisha, kisha ndipo unaishika. Saa unaibonyeza kwa mkono uleule uliosogeza kete. Simu haikuruhusu kufanya hatua haramu: kidole kinarudishwa na maisha yanaendelea. Ubaoni, kwenye mchezo wa kawaida, hatua haramu ya kwanza inampa mwenzako dakika 2 zaidi, na ya pili unapoteza mchezo. Mfalme wako akitishiwa, hakuna rangi nyekundu itakayowaka. Ni juu yako kuona.

Wengi huumia kwenye ile hatua ya kumpeleka mfalme miraba miwili na kuivusha ngome upande wake wa pili. Sheria inataka umshike mfalme kwanza, kwa mkono mmoja. Ukianza na ngome, umeigusa ngome, na huna ruhusa ya kumhifadhi mfalme upande huo katika zamu hiyo. Nimemwona msichana wa shule ya upili akianza na ngome kwenye mchezo aliokuwa akiuongoza vizuri sana. Refa alipoitwa, hakuwa na namna. Ngome ikasogea peke yake, mfalme akabaki katikati ya ubao, wazi. Msichana huyo alikuwa amefanya hatua ile mara nyingi mno maishani mwake, ila kwa kidole, kwenye kioo.

Wakubwa nao hawajasalimika. Mwaka 2017, ubingwa wa Kanada uliamuliwa kwa mchezo wa haraka kati ya Nikolay Noritsyn na Bator Sambuev. Askari wa Noritsyn alifika mwisho wa ubao na kustahili kuwa malkia, sekunde zikiyoyoma, lakini malkia hakuonekana mezani, kwa kuwa alikuwa mkononi mwa Sambuev. Noritsyn akaweka ngome kichwa chini miguu juu, kama wafanyavyo wengi kwenye michezo ya kirafiki, akatamka kuwa ni malkia. Refa akaingilia: hiyo ni ngome. Noritsyn akapoteza mchezo, na ubingwa ukaenda nao. Alichopaswa kufanya ni kusimamisha saa na kumwomba refa amletee malkia. Sheria inamruhusu. Simuni jambo kama hili halina hata mahali pa kutokea.

Hata sare huombwa kwa utaratibu. Ubaoni unasogeza kete, unamwambia mwenzako unapendekeza sare, kisha unabonyeza saa. Hali ya ubao ikijirudia mara tatu, Chess.com inatangaza sare yenyewe. Mezani lazima udai, na kama ni hatua yako itakayoleta marudio hayo, unaiandika kwenye karatasi na kumwita refa kabla ya kuicheza. Nimetaja karatasi kwa sababu kwenye mchezo wa kawaida kuandika kila hatua ni wajibu, na wageni wengi hawajawahi kuandika hata moja.

Kuna jambo lingine ambalo kila aliyebadilisha uwanja analijua mwilini mwake: macho. Simu inauonyesha ubao kwa juu, bapa, kete zote zikiwa michoro ya ukubwa mmoja. Mezani unautazama kwa mshazari, kete za mbele zinafunika za nyuma, na askofu aliyejificha pembeni anakata ubao mzima bila wewe kumwona. Dawa yake ni ndogo na inafanya kazi: panga ubao halisi karibu nawe unapocheza simuni mchezo mrefu, hatua unazozifikiria uzitazame mezani, simu ibaki ya kutuma jibu tu. Seti ya plastiki na kitambaa cha kukunja inatosha.

Je, mtu hucheza vizuri zaidi wapi? Swali hili lilipata jibu la kitafiti kwa sababu ya korona. Mwaka 2020 mashindano makubwa yalihamia mtandaoni, na watafiti Steffen Künn, Christian Seel na Dainis Zegners wakapata nafasi adimu ya kuwalinganisha mabingwa walewale katika hali mbili. Walitumia programu ya kompyuta kupima ubora wa kila hatua. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la The Economic Journal, yalionyesha kuwa mabingwa hao walikosea zaidi walipocheza wakiwa mbali kuliko walipokaa ana kwa ana, na kwamba tofauti hiyo ilipungua kadiri walivyozoea. Kipande hicho cha mwisho ndicho ninachokithamini. Uwanja mgeni humshusha hata bingwa wa dunia, na mazoea humrudisha. Anayetoka simuni kwenda ubaoni asidhani ameonekana kuwa bandia. Anahitaji muda uleule waliouhitaji hao.

Ana kwa ana yenyewe pia si kitu kimoja. Sataranji ya kwenye benchi, jirani na wale wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda, ina watazamaji wanaopiga kelele, wanaotaja hatua kabla yako, wanaokucheka. Kwenye mashindano, kama Kenya Open ambayo huangukia msimu wa Pasaka, mtazamaji haruhusiwi kutia neno kwenye mchezo. Kimya kile huwatisha waliozoea benchi kuliko kinavyowatisha waliozoea simu. Nami napenda vyote viwili, ila mtu asije akakuambia kuwa amezoea ubao kwa sababu anacheza na marafiki chini ya mti.

Kisha kuna udanganyifu, ambao hauepukiki kutajwa. Programu ya bure kama Stockfish, kwenye simu ya kawaida, inamshinda binadamu yeyote aliye hai. Mtandaoni anayetaka kuitumia yuko peke yake chumbani, kwa hiyo tovuti humtafuta kwa takwimu: hatua zake zinafanana na za kompyuta kiasi gani, anatumia muda uleule kwa hatua rahisi na ngumu au la. Akaunti hufungwa. Ubaoni ulinzi ni wa macho na sheria. Kubeba simu au kifaa chochote cha elektroniki kisichoruhusiwa eneo la mchezo kunatosha kukupotezea mchezo, hata kama hukuigusa, isipokuwa kanuni za mashindano ziruhusu iwekwe kwenye begi ikiwa imezimwa kabisa. Wapo walionaswa huko pia. Igors Rausis, aliyekuwa na cheo cha juu kabisa, alipatikana akitumia simu chooni kwenye mashindano ya Strasbourg mwaka 2019, akavuliwa cheo na kufungiwa miaka sita. Ila ugonjwa unaoenea zaidi mtandaoni ni shaka: kila ukishindwa unamtuhumu mwenzako. Ushauri wangu ni ripoti, endelea, usilale nalo. Wengi waliokushinda walikushinda tu.

Na matumizi halali ya kompyuta yana hatari yake. Mchezo ukiisha simuni, bonyezo moja linakuonyesha kila kosa. Ubaoni, baada ya mchezo, kuna desturi ya kukaa na mpinzani wako kando na kuupitia: hapa ulifikiria nini, mbona hukunila farasi? Unasikia akili ya mtu mwingine. Kompyuta inakuambia hatua gani ilikuwa bora, haikuambii kwa nini uliikosa. Nyumbani, chukua karatasi yako, andika kwanza kwa mkono pale unapodhani ulikosea, ndipo uiulize.

Baada ya haya yote mtu angedhani nawaelekeza wote mezani. Sivyo. Bila simu, vijana wengi wa Mathare, Kibera au Dandora wasingekuwa na mpinzani wa kiwango chao hata mmoja. Mashindano yana ada, nauli, chakula cha siku nzima, pengine siku tatu. Lichess haina ada wala matangazo, na data inayokula ni ndogo. Wasichana kadhaa wameniambia kuwa walianza simuni kwa sababu hapo hakuna anayewaambia wampishe kaka yao. Ugumu wa simu ni mwingine: stima ikipotea au mtandao ukikatika, saa haikuhurumii. Kwenye fainali ya Olimpiadi ya mtandaoni ya FIDE mwaka 2020, wachezaji wawili wa India walipoteza kwa muda baada ya mtandao wao kukatika, na mwishowe India na Urusi zikatangazwa mabingwa pamoja. Mchezaji wa kawaida wa mtaa wa Umoja hana wa kumkatia rufaa.

Kuna mlango mmoja, hata hivyo, ambao simu haiufungui. Vyeo vya FIDE vinavyoheshimika, hadi ule wa juu unaodai kiwango cha 2500 na matokeo maalumu dhidi ya wenye vyeo na wa mataifa mengine, hupatikana ubaoni. Vipo vyeo vya mtandaoni, lakini havibadilishani nafasi na hivi.

Ukitaka kuuanza mlango huo, safari ni hii. Shirikisho la nchi, yaani Chess Kenya, ndilo linalokuandikisha upate namba ya utambulisho ya FIDE. Kisha unahitaji kucheza angalau michezo 5 na watu wenye kiwango tayari, na usitoke mikono mitupu kabisa kwenye mashindano ya kwanza, maana sifuri haihesabiwi. Tangu 2024, FIDE hukuongezea kwenye hesabu hiyo sare mbili za kufikirika dhidi ya wachezaji wa 1800, ili michezo michache isikutupe mbali. Matokeo yakifika 1400 unaingia kwenye orodha, yasipofika unaendelea kujaribu. Namba utakayopata huenda ikawa chini au juu ya ile iliyo simuni mwako kwa mamia. Mashindano mawili matatu yakipita, itaanza kukuhusu wewe.